Tiba ya michezo kwa mtoto mgonjwa sana: njia nne, na ipi ianze

Mzazi aliyekaa wodini na mwanawe kwa miezi, iko siku ataambiwa, "Mama, mpeleke na kwenye michezo." Atambeba mtoto huku stendi ya dripu ikivutwa nyuma yao, na hajui atakuta nini huko. Pengine ni chumba chenye picha za wanyama ukutani na vijana wa kujitolea waliokuja na maputo. Pengine ni sista aliyepakata mdoli mwenye branula (kimrija cha dripu kinachoingizwa mshipani) mkononi. Pengine ni mtaalamu anayempokea mtoto mlangoni na kumwomba mzazi asubiri kwenye benchi. Na mara chache, ni mtu atakayemwambia mzazi avue viatu, akae mkekani, acheze yeye mwenyewe.

Yote manne huitwa tiba ya michezo, lakini kila moja lina kazi yake na gharama yake, na ni nadra mtoto mmoja kuyahitaji yote kwa wakati mmoja. Naandika kwa ajili ya wazazi wa watoto wenye saratani, siko seli, maradhi ya moyo au figo, na waliolazwa kwa majeraha makubwa ya moto. Naandika pia kwa wakuu wa wodi wanaopewa fedha kidogo na kuulizwa wazitumie wapi. Msimamo wangu nautaja mapema: katika wodi zetu, muda na fedha za kwanza ziende kwenye mambo mawili, yaani kumwandaa mtoto kwa mchezo kabla ya kila kipimo kinachouma, na kumfundisha mzazi kucheza naye. Mtaalamu wa chumbani apelekewe watoto wanaomhitaji hasa. Burudani iendelee, lakini isihesabiwe kuwa tiba.

Burudani na maandalizi

Burudani ni rahisi kuipenda, na ina heshima yake. Mwaka 1986 Michael Christensen wa kikundi cha sarakasi cha Big Apple Circus, New York, alianza kupeleka wachekeshaji waliofunzwa katika wodi za watoto, na kazi hiyo imeenea nchi nyingi tangu hapo. Mchekeshaji aliyefunzwa hubisha hodi kwanza, na mtoto akisema "toka", anatoka. Kwa mtoto asiyeruhusiwa kukataa sindano, dawa wala kuamshwa usiku apimwe joto, kupata mtu mmoja anayeweza kumkataa ni jambo kubwa.

Kwetu wageni wa wodini huwa zaidi wanafunzi wa vyuo, vikundi vya dini na wafanyakazi wa kampuni. Huja na juisi, biskuti, nyimbo na simu za kupigia picha. Nia yao ni njema, watoto hucheka, na akina mama hupata saa moja ya kupumua. (Kuhusu picha, mzazi ana haki ya kukataa, hata kama mgeni ameleta zawadi. Mtoto aliyepoteza nywele au jicho hakuomba sura yake izunguke kwenye makundi ya WhatsApp.) Ila saa nane wageni wakishaondoka, saa tisa mtoto anaitwa chumba cha sindano, na hofu yake iko palepale alipoiacha.

Hapo ndipo maandalizi yanapotofautiana na burudani. Burudani humsahaulisha mtoto kwa muda, ilhali maandalizi yanamkabilisha na kile kile anachokiogopa, kwa kipimo anachokiweza. Emma Plank, mwalimu mzaliwa wa Vienna, alianzisha kazi ya namna hii katika hospitali ya mji wa Cleveland, Marekani, mwaka 1955. Leo nchi nyingi zina wafanyakazi wa hospitali ambao kazi yao ni hiyo tu.

Vifaa vyenyewe havina gharama. Chukua mdoli wa kitambaa aliyeshonwa kwa kipande cha khanga na kujazwa pamba, uso wake ukiwa mtupu ili mtoto auchore mwenyewe. Ongeza sirinji isiyo na sindano, branula iliyotolewa chuma, plasta, pamba kavu, kipande cha mpira wa dripu na glavu moja. Nimemtazama binti wa miaka mitano, mwenye saratani ya damu, akipewa vitu hivyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye glavu, akaifunga kwenye mkono wa mdoli juu ya kiwiko, kama wauguzi wafanyavyo. Akapapasa kutafuta mshipa, akapiga-piga kwa vidole viwili, akamkaripia mdoli: "Tulia! Ukitikisika tutarudia." Maneno hayo alikuwa ameambiwa yeye. Aliyekaa naye hakumsahihisha. Alimuuliza tu, "Anaruhusiwa kulia?" Binti akafikiri. "Analia, ila mkono hautikisi." Kisha akauliza: "Anti, na yeye atashikwa na watu wangapi?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa moyoni mwake. Kilichomtisha kuliko sindano ni kulazwa chali na watu wanne wakamshika. Baada ya hapo mama yake alizungumza na wauguzi, wakakubaliana kwamba binti akae mapajani mwa mama, kifua kwa kifua, mkono mmoja tu ukinyooshwa pembeni, na yeye achague ni upi. Pasipo mdoli asingejua mtu.

Mtoto anayekwenda kuondolewa jicho kwa sababu ya saratani huandaliwa vivyo hivyo: mdoli hufungwa bandeji upande mmoja, bandeji ikifunguliwa jicho halipo, baadaye anawekewa jicho la bandia. Yule wa mionzi huvalishwa mapema barakoa ngumu itakayombana kichwa mezani, kisha huzoezwa kulala kimya peke yake huku mama akisikika kutoka mlangoni. Wapo ambao kwa mazoezi haya hawahitaji kulazwa usingizi kila siku ya mionzi.

Wakati wa kusema nao una hesabu yake. Mtoto chini ya miaka mitano aambiwe siku hiyohiyo au jioni ya kuamkia, kwa kuwa akiambiwa wiki nzima kabla, wiki nzima atalala na hofu. Wa shule apewe siku chache za kuuliza maswali. Na tuache mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni kumdanganya: "Tunakwenda kununua soda," kisha mlango unafunguliwa, kumbe ni sindano ya uti wa mgongo. La pili ni kumtisha: "Usipokula namwita daktari akuchome sindano." Mtoto aliyetishwa kwa dawa hawezi kuiona kuwa rafiki, na huyu ana mwaka mzima wa dawa mbele yake au zaidi.

Maandalizi yana mpaka. Hayaondoi maumivu, na hayawezi kushika nafasi ya ganzi wala dawa ya kutuliza. Kabla ya kutolewa uboho au maji ya mgongo, mzazi aulize bila kuona haya: "Atapewa nini cha maumivu?" Hospitali isitumie mdoli kwa sababu imekosa ganzi.

Mtaalamu chumbani

Njia ya tatu ndiyo iliyotangulia kuitwa tiba ya michezo kwa maana kamili. Mwaka 1947 Virginia Axline, Mmarekani aliyefuata fikra za mwanasaikolojia Carl Rogers, aliiwekea kanuni nane. Kwa ufupi, mtu mzima hamwongozi mtoto. Kila wiki, siku ileile, saa ileile, kwa dakika 40 hadi 50, mtoto anaingia chumba chenye vikaragosi, familia ya midoli, vyombo vya kupikia, wanyama wakali na wapole, rangi, mchanga na vifaa vya daktari. Anachagua mwenyewe. Mtaalamu anafuata, anataja anachokiona na hisia iliyomo, anaweka mipaka michache. Hakuna somo wala zawadi, na hakuna wa kumwambia "vizuri sana". Anachokifanya mtoto mle ndani hakisimuliwi nje, isipokuwa usalama wake uko hatarini.

Tofauti yake na maandalizi ni kubwa. Katika maandalizi mtu mzima anajua tunakwenda wapi: kesho kuna kipimo. Chumbani anayejua ni mtoto, na mara nyingi hata yeye hajui mpaka mikono ianze kucheza. Ndiyo maana njia hii inamfaa mtoto ambaye shida yake haina jina: aliyenyamaza, aliyerudi kukojoa kitandani, anayecheza mchezo uleule wa kutisha wiki nenda wiki rudi bila kubadilika, au anayeamini ugonjwa ni adhabu. Hilo la adhabu ni la kawaida kwa watoto wadogo. Chini ya miaka saba hivi, mtoto huweza kuamini kabisa kwamba uvimbe umetoka kwa sababu alimpiga mdogo wake, na hatasema mpaka apate mahali pa kulichezea.

Naithamini njia hii, lakini katika hospitali za rufaa nyingi za kwetu inagonga mwamba kwa mambo matatu. Chumba cha faragha ni shida pale ambapo hata kitanda hulala watoto wawili. Mtaalamu mwenye mafunzo kamili na msimamizi wa kazi yake ni adimu. Na ratiba haishiki: wiki hii seli nyeupe zimeshuka mtoto hatoki kitandani, wiki ijayo ameruhusiwa, familia imepanda basi kurudi Sumbawanga, itarudi baada ya siku 21. Tiba inayotegemea siku ileile na saa ileile huteseka sana hapo.

Kuna jambo moja zaidi. Mama aliyeacha biashara, shamba na watoto wengine ili alale chini ya kitanda cha mwanawe, anaachwa benchi wakati mtu mwingine anaufungua moyo wa mtoto. Mtaalamu mzuri hulijua hili na humpa mzazi muda wake pembeni. Asiyempa humfanya ajione mgeni kwa mtoto wake.

Mzazi mkekani

Njia ya nne ilizaliwa kutokana na swali rahisi: kwa nini mzazi asifundishwe kufanya mwenyewe? Bernard na Louise Guerney walianza kufundisha wazazi hivyo nchini Marekani katika miaka ya 1960. Baadaye Garry Landreth wa Chuo Kikuu cha North Texas akafupisha mafunzo hayo kuwa mikutano 10 ya kikundi kidogo cha wazazi, huku kila mmoja akicheza na mtoto wake mmoja nusu saa kwa wiki. Mwaka 2002 Tew, Landreth na wenzao walichapisha utafiti juu ya wazazi wa watoto wenye maradhi ya kudumu waliopitia mafunzo ya namna hiyo: msongo wa wazazi ulipungua, nao wakawakubali watoto wao zaidi.

Ndani ya nusu saa hiyo mzazi hafundishi, hahoji, hasifu na hamrekebishi mtoto. Anafuata. Inasikika kuwa kazi nyepesi hadi ujaribu. Mvulana wa miaka sita amepanga maboksi ya dawa kuwa hospitali, na gari lenye dereva linaleta wagonjwa. Kila mgonjwa anayeingizwa, anatangaza: "Huyu naye amekufa." Mzazi wa kawaida hukurupuka: "Usiseme hivyo mwanangu, Mungu apishe mbali!" na mchezo unaishia hapo, pamoja na kile mtoto alichotaka kusema. Mama niliyemwona alikuwa amefundishwa. Alimeza mate, akasema, "Wanaingia, wanakufa. Na dereva anaona yote." Mtoto akamtazama. "Dereva anaogopa," akasema, "lakini anajifanya hajaona." Mama akajibu, "Anaogopa, na hakuna anayejua." Wakaendelea. Kitanda cha jirani yao kilikuwa kimeachwa wazi usiku wa juzi, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amemweleza mtoto chochote.

Mipaka nayo hufundishwa, kwa hatua tatu. Mtoto akiinua gari la plastiki ampige mama, mama anataja hisia, anataja mpaka, anatoa njia nyingine: "Umenikasirikia. Mimi si wa kupigwa. Mto huu unaweza kuupiga." Watoto wanaotumia dawa ya prednisoloni hupandwa na hasira na njaa isiyoisha, na mzazi huona mwanawe amebadilika tabia. Hatua hizo tatu humsaidia asipige wala asiache mtoto afanye lolote kwa sababu "anaumwa".

Njia hii inatufaa kwa sababu ya pekee. Uingereza ilibidi ibishane kwa miaka kuhusu mzazi kuruhusiwa wodini. James Robertson alirekodi filamu mwaka 1952 ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa bila mama yake, na ripoti ya serikali ya mwaka 1959, iitwayo ya Platt, ndiyo iliyopendekeza milango ifunguliwe. Kwetu mama yupo tayari. Hakuondoka. Ndiye anayepeleka sampuli maabara, anafua, analisha, anakimbilia dawa duka la nje. Tumemtumia mama Asha na mama Juma kama tarishi wa wodi, wakati ndiye mtu pekee aliye na mtoto saa zote. Kumpa nusu saa ya kucheza, na mtu wa kumshikia zamu ya kufua, si anasa.

Baba naye asisahaulike. Mara nyingi huja jioni saa ya kuona wagonjwa, na hotpoti mkononi, anasimama upande wa miguu ya kitanda, anauliza, "Umekula?" halafu kimya. Si kwamba hapendi, hajui pa kuanzia. Nusu saa ya Jumamosi ikiwa yake, atapata pa kukaa. Wazee wengine watasema mtu mzima hachezi na mtoto. Waulizwe nani aliwategea vitendawili na kuwaimbia ukuti ukuti.

Haimfai kila mzazi, hata hivyo. Aliyezama katika huzuni, halali, hali, anajilaumu kwa kuchelewa kumleta mtoto, asaidiwe yeye kwanza. Kumdai acheze ni kumwongezea mzigo. Na pale panapokuwa na dalili kwamba mtoto aliumizwa nyumbani, tuseme moto ule haukuwa ajali, njia ya mzazi isianzishwe. Hilo ni la mtaalamu pamoja na afisa ustawi wa jamii.

Tukiziweka bega kwa bega

Kwa haraka ya matokeo, maandalizi yanashinda: faida huonekana siku hiyohiyo chumba cha sindano. Mzazi mkekani huchukua wiki kadhaa kabla mambo hayajabadilika. Mtaalamu chumbani huchukua miezi. Burudani hufanya kazi papo hapo na huisha papo hapo.

Kwa gharama, midoli ya khanga na siku chache za kufunza wauguzi ni rahisi kuliko vyote. Mafunzo ya wazazi yanahitaji mtu mmoja aliyefunzwa vizuri, lakini huyo mmoja anaweza kubeba wazazi sita au wanane kwa mkupuo. Mtaalamu chumbani ndiye ghali, na hakuna njia ya mkato: mafunzo mafupi ya mwisho wa wiki hayamfanyi mtu kuwa mtaalamu.

Kwangu mimi kipimo kizito zaidi ni hiki: nini kinarudi nyumbani na mtoto? Chumba kinabaki Dar es Salaam, Nairobi au Eldoret. Wachekeshaji wanabaki. Mama anarudi Sumbawanga au Lodwar na mtoto, na kila alichojifunza mkekani anakwenda nacho, akikitumia hata kwa wale watoto wengine walioachwa kwa bibi na ambao nao wameumia kimyakimya.

Uchaguzi basi ufuate hali. Mtoto anapigana kila akiona koti jeupe: maandalizi. Mama na mtoto hawazungumzi tena ila kuhusu dawa na chakula, au mtoto anamng'ang'ania asiende hata chooni: mzazi mkekani. Amejifunga kabisa, au alikuwa na jeraha la kihisia kabla ya ugonjwa: mtafutieni mtaalamu, hata kama ni wa mara moja kwa mwezi. Wiki ya kwanza ya kulazwa, wakati familia nzima bado imepigwa butwaa, msianzishe ratiba yoyote. Wekeni vitu vya kuchezea karibu na mfanye maandalizi tu. Mtoto chini ya miaka miwili hahitaji zaidi ya mwili wa mama, wimbo na kujificha uso nyuma ya khanga. Na kijana wa miaka 13 na kuendelea asipewe mdoli, atajiona amedharauliwa. Muziki, kuchora, kuandika, mjadala wa mpira na mshauri anayejua kusikiliza vinamfaa zaidi. Tiba ya chumbani kwa mtindo wa Axline huwafaa hasa wa miaka mitatu hadi 12.

Ugonjwa nao una neno

Yeyote atakayecheza na mtoto aulize kwanza daktari au sista. Seli nyeupe zikiwa chini, mchanga, udongo na midoli ya manyoya inayopita mikono mingi havifai kwa sababu ya vijidudu. Tumieni plastiki ngumu inayooshwa kwa sabuni na kufutwa kwa dawa ya kuua vijidudu baada ya kila mtoto. Badala ya udongo, unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi na mafuta kidogo unatosha. Kila mtoto awe na donge lake kwenye mfuko wake, na litupwe siku hiyo. Chembe za kugandisha damu zikishuka, hakuna kusukumana wala vitu vyenye ncha. Dawa ya saratani iitwayo vinkristini hudhoofisha vidole na miguu, kwa hiyo mtoto anayeangusha penseli hana uvivu. Mpeni kalamu nene au brashi. Mwenye siko seli asichezee maji baridi, kwani baridi huweza kuamsha maumivu makali. Mwenye moyo usio na nguvu acheze amekaa.

Dawa zikishindwa

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone. Ni lengo la kupigania. Maana yake pia ni kwamba wapo ambao hawatapona, na kwao mchezo haukomi.

Myra Bluebond-Langner, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa na watoto wenye saratani ya damu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1978. Watoto walijua kwamba wanakufa, hata pale ambapo hakuna aliyewaambia, na walinyamaza ili kuwalinda wazazi wao, kama vile wazazi walivyonyamaza ili kuwalinda wao. Mchezo huwapa watu hao wawili mahali pa kukutana bila kulazimishana kusema.

Kwa wakati huu sishauri kumleta mtaalamu mpya. Mtoto hana nguvu za kujenga uhusiano na mgeni. Kama mtaalamu alikuwepo, aendelee hata kwa dakika kumi kando ya kitanda, na kama mama alikuwa akicheza naye, aendelee mama. Mtoto asiyeweza kuinua mkono anaweza kumwagiza mama: "Mlaze huyo. Mfunike. Mwambie asiondoke."

Wengine hupendekeza sanduku au kitabu cha kumbukumbu. Uganda ina historia ndefu ya jambo hili: akina mama waliokuwa wakiishi na VVU, kupitia chama chao cha NACWOLA, waliwaandikia watoto wao vitabu vya asili yao na habari za familia. Pale mgonjwa alikuwa mzazi. Hapa ni mtoto, na ni rahisi wakubwa wakaifanya iwe kazi yao wao: alama ya kiganja, picha, rekodi ya sauti, yote kwa haraka ya watakaobaki. Kama mtoto anapenda kutengeneza, atengeneze na aamue nini kiingie na apewe nani. Akichoka au akikataa, liachwe.

Kabla ya kukubali

Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, ina Kituo cha Sally Test ambacho kwa miaka mingi kimekuwa na kazi ya michezo kwa watoto waliolazwa. Pale Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha hushirikiana na hospitali kuwahudumia watoto wenye saratani na familia zao. Kwingineko anzeni kwa sista mkuu wa wodi na afisa ustawi wa jamii, mkiwauliza wazi ni ipi kati ya njia hizi nne wanayo.

Mtu akijitambulisha kuwa mtaalamu wa tiba ya michezo, muulize alisomea wapi na kwa muda gani, nani anasimamia kazi yake, na atafanya nini mtoto akisema jambo linalohusu usalama wake. Muulize pia atakutana nawe mzazi mara ngapi. Akikuahidi kwamba michezo itaponya saratani, au akitaka mtoto aache dawa, ondoka hapo.

Na kama hospitali haina hata moja, anza na mfuko. Tia mdoli mmoja, gari moja, mnyama mkali mmoja, vyombo vidogo vya kupikia, karatasi na kalamu za rangi, sirinji isiyo na sindano, bandeji. Mfuko huo usitumike siku nyingine, ni wa nusu saa yenu tu. Zima simu. Mwambie mtoto, "Sasa hivi unacheza unavyotaka, na mimi nipo." Dakika tano kabla, mjulishe. Muda ukiisha funga mfuko hata akililia zaidi, mtajie siku utakayoufungua tena, na siku hiyo ufungue.